Habari ya Jana Ina Mwenyewe

Wako watu wasemao kuwa taarifa ya habari ni kama maziwa: hunywewa siku yakamwapo, na yakilala hayana faida tena. Neno hili nimelisikia kwa wenye vituo vya televisheni, nimelisikia kwa walimu, na hata kwa wazee wenye busara katika mambo mengine. Mimi ni mtu wa Mwingi, na mfano huo haunitishi. Kwetu maziwa hutiwa kibuyuni yakalala, na mtu mwenye njaa huyapenda yaliyolala kuliko yale ya asubuhi.

Nia ya insha hii ni kubishana nao. Nasema kwamba habari iliyotangazwa kwa televisheni si mali ya kituo peke yake. Ni mali pia ya watu waliomo ndani yake, na ya watoto wao baada yao. Kituo kiifutacho, au kiiachacho ioze katika chumba chenye joto na vumbi, chatapanya urithi ambao hakikuwauliza wenziwe waliorithi pamoja nacho. Na nasema zaidi kwamba kosa hili huwaumiza watu wa mahali kama Mwingi kuliko watu wa miji mikubwa, kwa sababu habari zetu ni chache tangu mwanzo.

Tarehe 4 Desemba 2021, siku ya Jumamosi, basi lililochukua wanakwaya wa kanisa pamoja na jamaa waliokuwa wakienda harusini upande wa Nuu lilijaribu kuvuka mto Enziu uliofurika. Mto ule si wa maji ya daima. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, na watu huchimba visima humo wakateka maji kwa kata. Siku ile ulikuwa umejaa. Basi lilisukumwa na maji, likalala ubavu, likazama, na watu zaidi ya 30 wakafa mbele ya macho ya watu waliosimama ukingoni. Baadhi yao walikuwa na simu mkononi. Jioni nchi nzima iliona walichokiona, na kwa siku kadhaa kamera za vituo vya Nairobi zilikuwa pale: zikaonyesha wapiga mbizi wakitafuta maiti, zikaonyesha viongozi wakisema habari za daraja, zikaonyesha wafiwa.

Sasa nakuuliza wewe mwanafunzi, uliyekuwa mtoto mdogo siku ile. Ukitaka leo kuzitazama taarifa zile tangu mwanzo hata mwisho, utakwenda wapi? Utakipata katika simu ya jirani kipande cha nusu dakika, basi likizama watu wakipiga kelele. Kipande hicho kimenakiliwa mara nyingi isiyohesabika. Lakini swali ambalo mwandishi wa habari alimwuliza kiongozi juu ya daraja, na jibu alilopewa, na mwanakijiji aliyesimama nyuma akasema kuwa mto huo umewahi kuchukua watu kabla ya siku hiyo, hayo hutayapata kwa urahisi wala hujui mlango wa kubisha. Kilichosambaa ni kile kitishacho, na kile kielezacho hakina mtunzaji mwenye wajibu wa kukutolea. Mwenye kuahidi anaweza kukana kesho, na mwenye kuahidiwa hana cha kumwonyesha.

Nitajibiwa kuwa wazee wetu hawakuwa na kamera wala kanda, na hawakusahau. Ni kweli, na nashukuru kwa jibu hilo, kwani lanisaidia. Wakamba waliyapa majina majanga yao ya njaa ili yasipotee. Njaa ya mwisho wa karne ya 19 iliitwa Ngomanisye. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nikiwa nimeshika, yaani fedha zimo mkononi lakini hapana chakula cha kununua. Jina lile ni taarifa kamili ya habari kwa maneno mawili. Lina sababu ndani yake, lina hali ya soko, lina na uchungu. Watu waliotunga jina kama hilo walijua kuwa jambo lisilohifadhiwa kwa makusudi halihifadhiki. Basi wale wanaotoa mfano wa wazee wetu kutetea uzembe wetu wa leo wanawasingizia wazee. Wao walitumia chombo walichokuwa nacho mpaka kikomo chake. Sisi tuna chombo kikubwa kuliko kile, nasi twakitumia kufuta.

Mwaka huo wa 1984 nilikuwa mtoto. Nakumbuka unga wa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, na jinsi tulivyoulalamikia ugali wake, na mama alivyotunyamazisha. Zaidi ya hayo nina jina la njaa tu. Lakini mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alikwenda Korem katika nchi ya Ethiopia pamoja na Michael Buerk wa BBC, akapiga picha za watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Zilitangazwa London tarehe 23 Oktoba, na ulimwengu ukasimama. Fedha zikachangwa, vyakula vikapelekwa, na mwaka uliofuata wanamuziki wakubwa wa Uingereza na Marekani wakafanya tamasha la kuchangisha. Picha zile zaonekana hata leo. Mtoto wa Mwingi anaweza kuiona njaa ya Korem ya mwaka 1984 kwa rangi na kwa sauti, lakini njaa ya bibi yake ya mwaka ule ule hajui aende kuitafuta wapi.

Sisemi kwamba hapana aliyeipiga picha njaa ya Ukambani. Nasema kwamba hapana aliyewajibika kumwonyesha mtoto yule. Na tofauti kati ya Korem na Mwingi si ukubwa wa njaa peke yake. Ni tabia ya mtu mmoja pia. Mohamed Amin, aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963, alikuwa mtu wa kutunza. Alitunza picha za siku aliyouawa Tom Mboya, tarehe 5 Julai 1969, na za mambo mengine mengi ya Afrika ya Mashariki. Alipofariki katika ajali ya ndege karibu na visiwa vya Komoro mwezi wa Novemba 1996, mwanawe aliendelea kuitunza hazina ile. Historia kubwa kiasi hicho ya nchi zetu iliponea katika mikono ya nyumba moja. Ni heshima kwa nyumba ile, lakini ni aibu kwetu sisi wengine.

Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mtambo wa kwanza ulikuwa katika nyumba ya shamba huko Limuru, na nguvu zake zilifika maili 15 tu. Kwa hiyo waliotazama walikuwa wachache wa Nairobi na kandokando yake. Mwingi ilikuwa gizani, na ilikaa gizani miaka mingi. Mwaka 1964 shirika lilichukuliwa na serikali likaitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1989 likarudishiwa jina la shirika la utangazaji. Mwaka uliofuata ukaanza utangazaji wa televisheni wa watu binafsi kwa KTN, na baadaye vituo vikaongezeka. Uganda walianza mwaka 1963. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mapema ya miaka ya 1970, wakati sisi Wakenya tulikuwa bado twatazama nyeusi na nyeupe, jambo ambalo Wazanzibari hawachoki kutukumbusha.

Katika vituo vingi vya miaka ile, hapa na ng'ambo, msomaji wa habari alisoma moja kwa moja, na maneno yake yakaenda na upepo. Kilichosalia ni vipande vya filamu vilivyopigwa nje. Zilipokuja kanda za sumaku zikaleta kishawishi kibaya kuliko cha kwanza, kwa sababu kanda hufutika na kutumika tena. Mhasibu wa kituo alipoitazama kanda hakuona hotuba wala kilio wala mkutano wa baraza. Aliona kitu cha thamani kilichonunuliwa kwa fedha za kigeni, kinachoweza kufanya kazi kesho.

Tusidhani kuwa huu ni ufukara wa Waafrika. BBC, shirika tajiri na lenye majivuno ya haki, lilifuta kanda nyingi katika miaka ya 1960 na 1970. Usiku wa mwezi Julai 1969 mtu alipokanyaga mwezi mara ya kwanza, watangazaji wa BBC walikesha wakieleza. Matangazo yale ya studio hayakutunzwa. Wamarekani wenyewe, wenye safari ile, walikiri mwaka 2009 kuwa kanda za asili zilizopokea picha kutoka mwezini yaonekana zilifutwa ili zitumike kwa kazi nyingine. Ikiwa mwezi haukuheshimiwa, baraza la chifu wa Migwani lingetarajia nini?

Lakini katika nchi zile zile walitokea watu waliokataa, na hapo ndipo nipendapo ukae, msomaji wangu. Mwaka 1968 Paul Simpson, mtu wa kazi ya bima katika mji wa Nashville, alikwenda New York kuvitembelea vituo vikubwa, akastaajabu kuambiwa kuwa taarifa za habari za jioni hazitunzwi ila kwa muda mfupi. Hakuwa mwandishi wala mtangazaji. Alirudi kwao akakishawishi Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na tarehe 5 Agosti mwaka ule wakaanza kunasa taarifa za kila jioni. Kituo kimoja kikubwa, CBS, kiliwashtaki mwaka 1973 kwa madai kuwa wameiba mali yake. Bunge la Marekani likalimaliza shauri kwa sheria ya mwaka 1976 iliyoziruhusu maktaba kunasa habari kwa ajili ya wasomaji. Na mjini Philadelphia mwanamke mmoja aliyewahi kuwa mkutubi, Marion Stokes, alianza mwaka 1979 kunasa habari nyumbani kwake, usiku na mchana, hata alipofariki mwaka 2012. Aliacha kanda zipatazo 70,000. Majirani walimwona kichaa. Leo watafiti wanamshukuru.

Sasa nawageukia wenye hoja iliyo maarufu kuliko zote siku hizi, wasemao kuwa intaneti imekwisha kutunza kila kitu. Hoja hii yapendeza kwa sababu yaturuhusu tusifanye neno lolote. Lakini kituo hupandisha kwenye intaneti kile kitakacho, huacha kile kisichotaka, na hukiondoa siku ipendayo nafsi yake. Kituo kikifilisika au kikiuzwa, mnunuzi hana wajibu wa kuendelea kulipia vilivyowekwa na aliyemtangulia. Na mambo yaliyotangazwa kabla ya mazoea haya, yaani tangu 1962 hata karibuni, hayapandi huko yenyewe; sharti mtu ayapandishe. Dirisha la duka huonyesha vichache. Ghala ni kitu kingine.

Tena iko hasara ambayo wenye hoja hii hawaioni, nayo yaihusu lugha. Mwaka 2015 Kenya ilipohama kutoka mitambo ya zamani ikaingia katika mitambo ya dijitali, ving'amuzi vikajaa, na njia za kutangazia zikawa nyingi. Vikazaliwa vituo vidogo vitangazavyo kwa lugha za nyumbani, Kikamba kimojawapo. Mpaka hapo mama wa Tseikuru aliyehojiwa juu ya ukame alisema kwa Kikamba, na kituo cha Nairobi kikamkata baada ya nukta chache, kikaifunika sauti yake kwa sauti ya mwandishi asomaye tafsiri. Twauona mdomo wake ukienda, maneno hatuyasikii. Hotuba yake nzima ilikuwamo katika kanda ya awali, ile ambayo haikutangazwa, na hiyo ndiyo ifutwayo kwanza. Katika kituo kidogo cha Kikamba mama yule aachiwa amalize. Lakini kituo kidogo hakina akiba, hakina mtunzaji, na huendesha kazi yake kwa mashine chache ambazo zikijaa hufutwa zipate nafasi. Kwa hiyo pale mama alipopewa nafasi ya kusema yote, ndipo maneno yake yalipo karibu zaidi na kufutwa.

Hoja moja ya wapinzani wangu naikubali nusu. Wasema kuwa kutunza ni kuwatesa wafiwa, na kumfunga mtu aliyeshtakiwa kwa uongo katika picha ya siku ya kukamatwa kwake. Hapana mtu mwenye moyo awezaye kulipuuza neno hili, hasa aliyekuwapo Mwingi katika juma lile la Enziu. Sitaki mama aliyefiwa aikute sura ya mwanawe kila afunguapo simu. Lakini tazama: mateso hayo yameletwa na usambazaji usio na mwenyewe, si na hifadhi. Hifadhi ina mlango, ina kitabu cha kuandikisha jina, ina mtu wa kuuliza wataka nini. Nyaraka za serikali yetu kwa kawaida hufungwa miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa kila mtu, na hapana asemaye kwamba kwa sababu hiyo zichomwe. Picha za msiba zaweza kufungwa vivyo hivyo. Mtu aliyeshtakiwa kwa uongo naye ahitaji kanda ile kuliko sote, kwani ndani yake limo jina la aliyemsingizia.

Juu ya gharama sitasema mengi. Kunasa na kutunza kwa dijitali kumekuwa rahisi mno ukilinganisha na kanda za Simpson, na serikali za kaunti zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 zimepata fedha za mambo yenye faida ndogo kuliko hili. Nitaishia hapo.

Basi nataka nini? Nataka televisheni itendewe kama kitabu. Sheria ya Vitabu na Magazeti iliyotungwa Kenya mwaka 1960 ilimtaka mchapishaji apeleke nakala za kazi yake kwa msajili. Mwaka 1965 Bunge likatunga sheria ya kuanzisha Makavazi ya Taifa, ambayo leo yamo katika jumba lililokuwa benki zamani, barabara ya Moi mjini Nairobi. Huko mwanafunzi aweza kusoma nyaraka na barua za utawala wa kikoloni. Ni jambo la ajabu kuwa maneno ya mkoloni juu yetu yamewekwa kwa mpangilio katika makasha yenye namba, na maneno yetu wenyewe juu yetu, tuliyoyasema mbele ya kamera baada ya uhuru, yategemea huruma ya mhasibu. Wafaransa walitunga sheria mwaka 1992 kwamba vipindi vya redio na televisheni viwekwe hifadhini kama vitabu viwekwavyo. Nchi yetu haishindwi kutunga sheria ya namna hiyo: kila kituo chenye leseni kipeleke nakala ya taarifa yake ya habari, ya Kiswahili, ya Kiingereza na ya lugha za nyumbani, na pamoja nayo karatasi yenye tarehe, mahali, na majina ya waliosema. Karatasi hiyo ndiyo roho ya kazi. Picha isiyo na tarehe wala jina ni uso wa mtu usiyemjua.

Tena nataka nakala za habari za kwetu zirudi kwetu. Mwingi ilikuwa wilaya, kisha ikawa sehemu ya Kaunti ya Kitui. Yastahili chumba kimoja chenye ubaridi, mashine ya kutazamia, na mkutubi mmoja. Humo zingewekwa habari za makaa ya mawe ya bonde la Mui, ambayo watu wake wamesikia mengi juu ya fidia tangu yalipogunduliwa. Habari za mabwawa ya mchanga. Habari za uchaguzi. Na habari za Enziu kwa masharti niliyokwisha kuyataja. Mkulima wa Mui angeingia, akaomba tarehe fulani, akaketi, akasikiliza aliloahidiwa.

Nasema haya kwa haraka kwa sababu mashine zazeeka kuliko kanda. Kampuni ya mwisho iliyojulikana kutengeneza vinasa video vya nyumbani, huko Japani, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 UNESCO na wataalamu wa hifadhi waliwaonya watunzaji wa dunia nzima kuwa kanda za sumaku zisiponakiliwa hata kufikia karibu na mwaka 2025, nyingi hazitasomeka tena, si kwa kuoza tu bali kwa kukosa mashine na mafundi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Nairobi katika kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kuuliza habari ya ukame iliyopigwa Kyuso ambayo ndugu yangu alionekana ndani yake akigawa maji. Karani alinipokea kwa adabu. Alitafuta katika daftari, akaniambia kuwa kanda ya tarehe ile ilitumika tena. Kisha, labda kwa kuona uso wangu, akanipeleka kwenye ujia nyuma ya studio akanionyesha makasha yaliyopangwa hadi dari. Mengi hayakuwa na maandishi, na mashine ya kuyasoma ilikuwa imekufa. Nilimwuliza katika hayo ni yapi ya Ukambani. Akasema huenda ni mengi, na huenda hapana hata moja. Nilimwomba ruhusa nirudi na mashine ya kuazima, nimsaidie kuyafungua moja baada ya moja na kuyaandika. Aliniambia niandike barua kwa mkubwa wake. Niliandika, nikaandika tena, na bado nangoja.